Chumba changu cha cherehani kisimame juu ya msingi gani?

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mtambwe, Pemba, na kazi yangu ni kushona. Nashona sare za skuli, mabuibui na mapazia, na Sikukuu ikikaribia huwa silali. Cherehani zangu mbili ziko sebuleni, vitambaa vimejaa hadi chumba cha kulala, na mteja akija kupimwa hana pa kusimama. Nimeamua kujenga chumba kidogo nyuma ya nyumba, futi 12 kwa 10, cha nguzo za mbao, kuta za mabati, juu bati, na chini sakafu ya saruji ili sindano ikianguka ionekane.

Pesa ninazo kidogo, za mchezo niliopokea na za karafuu za msimu huu. Nilidhani zitanifikisha mpaka kwenye paa. Sasa hata jembe sijapiga, nimekwama kwenye msingi.

Fundi aliyenijengea nyumba kubwa ameniandikia saruji mifuko 20, nondo 12 za milimita 12, mawe lori moja, mchanga lori moja na kokoto nusu lori. Anataka tuchimbe mtaro kuzunguka chumba chote, tupange mawe, tumwage mkanda wa zege juu yake na tusimamishe nguzo za zege kwenye pembe. Anasema, "Siku ukitaka kupandisha matofali hutabomoa kitu." Nilipopiga hesabu, pesa zangu zote zinamalizikia chini ya ardhi na chumba sikioni.

Shemeji yangu, mume wa dada, yeye anasema hayo ni kutupa pesa. Tuchimbe mashimo sita, tufukie nguzo za mvinje, tushindilie mawe pembeni, kwisha. Lakini banda la kuku aliloliacha marehemu mume wangu lilijengwa hivyo hivyo, na leo ukiligusa kwa mkono linayumba. Nguzo zimeliwa pale zinapotokea ardhini.

Mwanangu wa kwanza yuko Toronto, Kanada. Amenitumia video mbili. Katika moja watu wanaweka vitofali vya zege juu ya ardhi tu, vina nafasi ya kuchomeka nguzo, wanajenga juu yake. Katika ya pili wanazungusha vyuma virefu vyenye parafujo kwa mashine mpaka vinazama. Halafu akaniambia kule msingi lazima uende chini futi 4, na mimi nisikubali pungufu ya hapo.

Kiwanja kina mteremko kidogo, kinashuka kuelekea bonde la mpunga. Wakati wa masika maji yanayotoka juu hupita hapo hapo nyuma ya nyumba. Udongo wa juu una mchanga, wa chini siujui. Na jambo jingine, sina hakika kama linahusu: ardhi hii ni ya marehemu baba yetu na hatujagawana. Kaka yangu yuko Unguja na mdogo wetu yuko Tanga, lakini hawajasema neno.

Wote hawa wananitakia mema, ndiyo maana nashindwa kumkataa hata mmoja. Naomba unisaidie.

Mshonaji, Mtambwe

* * *

Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Usinunue mifuko 20. Kwa chumba ulichokieleza, vitako sita vya zege vilivyochimbiwa, kila kimoja kikiwa na chuma cha kushika nguzo, vinakutosha. Saruji yake ni mifuko 3. Sakafu itachukua kama mifuko 6 mingine, na hiyo inaweza kusubiri mchezo ujao. Nahesabu kwa mifuko kwa sababu bei hupanda na kushuka kila meli inapoingia, lakini mifuko haibadiliki.

Nakuomba kwanza uangalie chumba chako kina uzito gani, maana hapo ndipo fundi wako na mimi tunapoachana. Kuta za matofali ya inchi 6 kwa chumba cha futi 12 kwa 10, zikiwa na lipu, zinakaribia tani 9 au 10. Chumba hicho hicho kwa nguzo za mbao na mabati, paa likiwemo, hakifiki tani moja. Ukigawa kwa nguzo sita, kila kitako kinabeba uzito wa watu wawili au watatu waliosimama pamoja. Ardhi gani ya Mtambwe itashindwa na watu watatu? Mtaro wa mawe wenye mkanda ni kazi nzuri sana, ila ni kazi ya zile tani 10.

Chumba chepesi hakizami, kinanyanyuliwa. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu ya takriban kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba. Paa lako pamoja na michirizi litakuwa kama mita 14 za mraba, kwa hiyo linaweza kuvutwa juu kwa nguvu ya kilo 700 hivi, na bati na mbao za paa hilo hazifiki hata kilo 250. Mlango ukiwa wazi upande upepo unakotoka, mvuto unaongezeka kwa sababu upepo unaingia na kusukuma kutoka ndani. Vimbunga vikubwa kwetu ni nadra. Kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kikaiacha Pemba kwa sehemu kubwa salama, jambo lililochangia Pemba kuishika karafuu mpaka leo. Lakini bati haling'olewi na kimbunga peke yake. Upepo mkali unaotangulia mvua ya masika unatosha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msingi wako ni kukishika chumba kisiondoke. Kitako kimoja nitakachokueleza kina zaidi ya kilo 200, sita vinapita tani moja na robo. Ndiyo maana nataka vichimbiwe, na ndiyo maana nataka chuma.

Hapo utaona kwa nini video ya kwanza ya mwanao haitufai. Vitofali vilivyowekwa juu ya ardhi vinabeba vizuri, lakini havishiki kitu. Nguzo imechomekwa tu, upepo ukivuta inatoka. Tena kwenye mteremko wako, masika moja ya maji kupita chini yake itatosha kukifukua kimoja na kuacha kingine, na chumba kikae upande.

Vyuma vya parafujo navyo ni vitu vya maana mahali pake. Kanada, majira ya baridi, maji yaliyomo kwenye udongo yanaganda kuwa barafu, na maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Udongo unainuka na kuinua msingi wowote ulio juu juu, kisha barafu ikiyeyuka unashuka, kila mwaka. Toronto barafu hiyo huhesabiwa kufika chini mita 1.2, na hizo ndizo futi 4 alizokutajia kijana. Hakukudanganya. Kakutajia sheria ya ardhi inayoganda. Pemba haigandi. Ukichimba futi 4 kwa sababu hiyo, unamlipa kibarua apambane na barafu isiyokuwepo. Mwambie mwanao ahsante, na kama anataka kuchangia, nitasema mbele pesa yake itafaa wapi.

Shemeji yako nimpe haki yake. Nguzo iliyofukiwa inashika upepo vizuri na haiyumbi, na kwa gharama hakuna anayemshinda. Wazee walijenga hivyo kwa boriti za mikoko, ambazo zinastahimili unyevu kuliko miti mingi. Lakini mikoko leo haikatwi ovyo, na haifai ikatwe ovyo, kwa sababu ndiyo inayozuia bahari isile mashamba yetu. Mvinje unaopatikana kirahisi haustahimili kufukiwa. Umeliona mwenyewe kwenye banda la kuku: nguzo haikuoza kule chini kabisa wala juu, imeoza pale usawa wa ardhi, ambapo unyevu na hewa vinakutana na mchwa anapanda bila kuonekana. Wengine hudhani dawa ni kuizungushia zege ile nguzo shimoni. Zege linakuwa bakuli, maji yanatuama ndani yake na mbao inaoza kwa siri. Mbao isiguse ardhi, na isizame ndani ya zege. Ikae juu, inchi 6 kutoka ardhini, mahali ambapo ukipita na ufagio unaona kama mchwa ameanza kujenga njia yake.

Sasa hili la matofali ya baadaye. Nimelifikiria zaidi kuliko mengine, kwa sababu fundi wako amelisema kwa nia njema na watu wengi hujenga hivyo kwetu, leo banda, kesho chumba, keshokutwa nyumba ya mtoto anayeoa. Kama moyoni umeshaamua kwamba chumba hiki kitakuwa cha matofali ndani ya miaka michache, basi mbao usinunue kabisa. Chimba mtaro, jenga mawe mpaka usawa wa sakafu, simama hapo, ungoje pesa. Cherehani zibaki sebuleni mwaka mwingine. Lakini barua yako haisemi hivyo. Barua yako inasema unataka mahali pa kushonea kabla Sikukuu haijafika. Usilipie leo msingi wa nyumba ambayo hujaiamua, halafu ukose chumba unachokihitaji. Vitako sita haviharibu mpango wa kesho. Siku hiyo ikifika, mtaro utachimbwa kwa nje, na mbao na mabati yako yatatumika kwingine.

Na kuna lile ulilosema hujui kama linahusu. Linahusu kuliko saruji. Ardhi ya marehemu isiyogawanywa ni ya warithi wote, kila mmoja kwa fungu lake, na msingi wa mawe kwa macho ya ndugu unasomeka kama mpaka. Leo kaka na mdogo wako hawajasema neno kwa sababu hakuna cha kusemea. Mawe yakishapangwa, mtu akaja likizo akayaona, maneno yataanza, na wewe utakuwa umeshazika pesa mahali usipojua kama patakuangukia. Nimesikitika kuona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya chumba. Wapigie simu wote, dada yako akiwepo, uwaeleze unataka kujenga nini na kwamba kinang'oleka. Wakikubali, waandike, hata kwa ujumbe mfupi. Na mkiwa tayari kugawana, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kazi yake mojawapo ni hiyo ya mirathi. Kisha pita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, akueleze kibali cha ujenzi. Vitako sita na nguzo za kufungua kwa bolti ni kitu ambacho ndugu anaweza kukikubali bila kuhisi amenyang'anywa.

Haya, tushuke ardhini.

Kabla ya kununua chochote, chimba shimo moja la majaribio, futi 2 na nusu kwenda chini, upande wa bondeni ambako ardhi ni dhaifu zaidi. Tazama udongo unavyobadilika ukuta mzima wa shimo. Chukua konzi ya udongo wa chini, ulowanishe, uuviringishe viganjani uwe kamba nyembamba. Ukikatika katika na kumwagika, ni mchanga au kichanga. Ukishikana kidogo na ni mwekundu, ni kinongo, na hapo una bahati. Ukivutika kama kamba ya unene wa kalamu bila kukatika, na kiangazi ardhi yake hupasuka nyufa, ni kinamo. Jioni jaza shimo maji, asubuhi uangalie. Maji yakiwa yamekwisha, ardhi inapitisha. Yakiwa bado yamejaa, hapo masika patakuwa kisima, na mimi ningekisogeza chumba upande wa juu kabla ya kufikiria zege.

Ukiona kwenye ukuta wa shimo vipande vya vigae, majivu, mifuko ya nailoni, ujue huo ni udongo wa kujazia. Usiweke kitako hapo, chimba mpaka uvuke uingie kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa. Waulize wazee pia kama kuna shimo la choo cha zamani lililofukiwa eneo hilo. Hilo ni la kuuliza, usitegemee macho, na ukiambiwa lipo, kaa mbali nalo.

Kwa kinongo au kichanga kilichoshikamana, mashimo ya futi 2 yanatosha. Kwa kinamo nenda futi 3, uvuke ile sehemu inayopasuka kiangazi, maana kinamo kikinywa maji hutanuka na kikikauka hunywea, na kitako kilicho juu juu kitapanda na kushuka nacho. Kwenye kinamo saruji itafika mifuko 5. Wasomaji wa Micheweni, na wale wa Makunduchi na Jambiani upande wa Unguja, nyinyi shida yenu ni nyingine: mwamba uko hapo hapo juu. Msichimbe. Gongeni kwa mtarimbo, mkisikia mlio wa uwazi sogeeni, kuna pango. Mlio ukiwa mzito, toboeni tundu la nondo, inchi 8 kwenda chini, chomekeni nondo kwa saruji na mmwage kitako juu yake.

Kupima chumba: nguzo tatu upande huu na tatu upande wa pili, kila moja futi 6 kutoka kwa mwenzake kwenye upande wa futi 12. Pigilia vigingi, vuta kamba, kisha pima mshazari kutoka pembe hadi pembe. Zote mbili zisome futi 15 na inchi 7 na nusu. Zikitofautiana, chumba kimepinda na mabati yatakuumbua. Usawa wa vichwa vya vitako pima kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, ncha moja huku na nyingine kule. Kwenye mteremko wako vitako vya bondeni vitatokeza juu zaidi ya vya mlimani, na iwe hivyo. Usijaze udongo ili ardhi ionekane sawa.

Shimo lenyewe liwe inchi 16 kwa 16 juu, na chini lichimbwe pana zaidi, inchi 18 au 20. Kibarua atakuuliza kwa nini, kwa sababu wengi huchimba shimo linalokwenda likijifinya. Chini pakiwa papana, upepo ukikivuta kitako kinakwama kwenye udongo wenyewe, na hilo halikugharimu hata shilingi. Shindilia chini ya shimo kwa gogo hadi lilie pah, pah, likiwa gumu. Zege ni mfuko mmoja wa saruji, ndoo 4 za mchanga na ndoo 8 za kokoto, ndoo zile za lita 20 zikiwa zimefutwa usawa wa mdomo, na huo mfuko mmoja unatoa vitako viwili ukitumbukiza mawe safi kati kati, jiwe lisiguse jiwe. Kokoto zetu za kugonga kwa mkono ni za matumbawe na zinafyonza maji, basi zilowanishe kabla ya kuchanganya, zisije zikanyonya maji ya saruji. Mchanga wa pwani usiletewe, hata ukiambiwa umenyeshewa. Chumvi itakula chuma ndani kwa ndani, na ufukwe nao unaliwa.

Zege likifika usawa wa ardhi, chukua ndoo kuukuu ya rangi, ikate kitako, iweke juu ya shimo na uendelee kumwaga ndani yake mpaka inchi 6 juu. Hiyo ndiyo fremu yako, haihitaji seremala. Uso wa juu ulainishe uwe na mwinuko kidogo katikati, maji yateleze. Kabla halijashika, zamisha chuma bapa kilichokunjwa umbo la U, mabawa mawili yakitokeza juu, miguu ikiwa na kipande cha nondo kilichochomelewa kwa mlalo kule chini ili kisichomoke. Fundi wa kuchomea hukata vyuma vya aina hiyo kila siku. Mwambie atoboe matundu mawili ya bolti kila upande, na upake rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Hapa ndipo pesa ya Toronto inapofaa: bolti na vyuma vilivyopakwa zinki, maana Mtambwe chumvi ya bahari iko hewani. Mwagilia vitako na kuvifunika magunia mabichi wiki nzima kabla ya kupandisha nguzo. Kati ya mbao na zege weka kipande cha nailoni nzito.

Nguzo ya juu ya kitako haina mizizi kama ya shemeji, kwa hiyo itataka kuyumba. Dawa yake ni mbao za mshazari kwenye pembe zote nne, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya ya pili. Bila hizo kazi yote imepotea. Na nguvu ya kushika isikatike njiani: kitako kinashika nguzo, nguzo ifungwe kwenye boriti ya juu kwa ukanda wa chuma, boriti ishike mapau, mapau yashike bati. Msumari peke yake uliopigwa kutoka juu unachomoka. Mwombe shemeji asimamie sehemu hii. Mtu anayejua nguzo ataielewa mara moja.

Maji sasa. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ni ya kawaida, juu ya paa la mita 14 za mraba ni lita 700, na zote zinaanguka kwenye mstari mmoja, ule ule wa vitako vyako. Ongeza michirizi ya nyumba kubwa na maji yanayoshuka kutoka juu. Hakuna zege litakalovumilia kuchimbuliwa hivyo kila mwaka. Upande wa mlimani, kama hatua tatu kutoka chumbani, chimba mfereji wa kukinga, futi moja kwenda chini, uyapindishe maji yapite pembeni yaelekee bondeni bila kumwagikia jirani. Weka mlizamu kwenye paa jipya na kwenye paa la nyumba linaloelekea huko, maji yaingie pipani. Kama pesa inakubana na lazima uchague kati ya nondo na mlizamu, chagua mlizamu.

Sakafu iache ya mwisho, itengane na vitako. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, weka mawe madogo na kifusi, shindilia kwa maji, tandika nailoni, mwaga jamvi la zege la inchi 3, na juu yake sakafu laini ya kuonekana sindano. Ikipita masika moja kabla ya jamvi ni bora zaidi, kifusi kitakuwa kimekaa na utakuwa umeona kama mfereji unafanya kazi. Wakati huo tandika mkeka juu ya kifusi kilichofunikwa mchanga, cherehani ziingie.

Fundi wako usimwache, anaijua nyumba yako na ameonesha kuijali. Kaa naye na barua hii, mwambie kwa heshima kwamba umeamua chumba cha mbao na huna mpango wa matofali, na umuulize bei ya vitako sita kwa kitako, si kwa siku. Mlipe viwili vya kwanza ukishaona shimo lilivyopanuka chini kabla halijamwagwa zege. Likishafunikwa hutaona tena. Mashimo mengine manne yafuate hivyo hivyo, na pesa za mbao zikae kando mpaka vitako vyote sita vimemaliza wiki yake ya maji.